Dereva Akikimbia, Majeruhi Anabaki na Nani?

Ukiondoka Sake, mashariki mwa Congo, kuelekea milimani, Ziwa Kivu linabaki mgongoni na barabara inaanza kupanda kwa kona kali, mpaka kwenye vilima vinavyopita mita 2,000. Huko juu ndiko ziliko Mushaki, Rubaya, Kibabi na njia ya kwenda Masisi yenyewe. Mbele zaidi, kwa anayethubutu, ni Nyabiondo na misitu ya Walikale. Fuso, yale malori ya mizigo, zinapanda na sabuni, chumvi na bia, na juu ya mzigo wamekaa watu. Zinateremka na viazi, maharagwe, jibini na magunia ya madini, na juu ya mzigo wamekaa watu. Katikati yao wanapita wamotari wa pikipiki wenye abiria wawili au watatu, na vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao, ambao breki yao ni kipande cha tairi kinachokandamizwa kwa mguu. Ng'ombe wa malisho huvuka wanapotaka. Mvua ikinyesha, udongo unakuwa utelezi, na hata dereva aliyezaliwa kwenye milima hii hana hakika gari litasimama wapi.

Kwamba ajali hutokea kwenye njia kama hizi, kila mtu anajua. Kinachoniuma ni kile kinachofuata. Mara nyingi mno, vumbi likishatulia, majeruhi yupo, abiria wapo, mzigo upo umemwagika bondeni, ila dereva hayupo. Amepita kwenye shamba la mihogo, ameshuka korongo, amepotea. Atasikika baada ya siku kadhaa, akiwa kwa ndugu au kwenye kambi ya polisi alikokwenda kujificha.

Kabla ya kumhukumu, tuone kilichompata. Gari linapogonga, mwili wa dereva unamwaga homoni za hofu kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, masikio yanaziba, maumivu yanazimika. Ndiyo maana mtu mwenye mbavu zilizovunjika anaweza kusimama na kusema yeye ni mzima kabisa. Akili nayo inabana: inaona kitu kimoja tu, na mara nyingi kitu hicho ni njia ya kutokea. Wengine hukasirika na kuanza kumfokea waliyemgonga. Wengine huongea bila kukoma, wakikiri makosa ambayo hata si yao. Wengine hukaa wakiwa wameshika usukani, hawasikii wanapoitwa. Haya ni mambo ya mwili, na hayamfanyi mtu kuwa mbaya. Dereva anayeyajua mapema ana nafasi ya kuyatawala: anavuta pumzi ndefu mara kadhaa, anazima injini, anajikagua kichwa mpaka miguu, ndipo anashuka.

Lakini hofu ya mwili si hofu pekee. Dereva wa Kivu anaogopa watu, na ana sababu. Amesikia, au ameona kwa macho yake, gari likichomwa moto kwa sababu limemgonga mwendesha pikipiki na wenzake wakafika kabla ya polisi. Amesikia habari za dereva aliyepigwa mawe kando ya maiti ya mtoto. Anaogopa pia wenye bunduki. Taasisi ya utafiti ya IPIS ya Antwerp, katika ripoti yake ya mwaka 2017, ilichora ramani ya vizuizi 798 vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Mtu aliyezoea kutozwa makuta au kuporwa kila anaposimama hafundishiki kwa urahisi kwamba kusimama ni wema. Na tangu Rubaya ichukuliwe na waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, kisha Goma Januari 2025, sehemu kubwa ya Masisi haina tena ofisi zile ambako sheria inamtuma dereva akaripoti.

Kuna pia mtu wa tatu, ambaye hatajwi sana: mwenye gari. Simu ya kwanza ya dereva baada ya ajali, kama mtandao unapatikana pale mlimani, humwendea patroni. Naye patroni, akiwa amekaa Goma, swali lake la kwanza mara nyingi ni hali ya gari, la pili ni mzigo, na neno lake la mwisho ni: toka hapo haraka. Dereva ambaye mkate wake uko mikononi mwa mtu huyo atafanya nini? Nimewaona madereva wakilaumiwa peke yao kwa kukimbia, wakati amri ya kukimbia ilitoka kwa mtu mwingine ambaye jina lake halikutajwa msibani wala mahakamani.

Sheria, hata hivyo, iko wazi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1977 ikiitwa Zaire, unamtaka kila dereva aliyehusika katika ajali asimame bila kuleta hatari nyingine, alinde usalama wa mahali pale, ajitambulishe, na kama kuna aliyeumia au kufa, polisi waarifiwe na alama za ajali zisivurugwe. Kanuni ya barabara ya Congo, sheria nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ilifuata mwaka mmoja baadaye. Kanuni ya adhabu nayo inamwadhibu anayeacha kumsaidia mtu aliye hatarini wakati angeweza kumsaidia bila kujihatarisha mwenyewe. Maneno hayo ya mwisho ni muhimu sana kwetu. Hakuna sheria inayomwamuru dereva asimame auawe. Ikiwa mahali ni pa hatari ya wazi, mawe yameshaanza kurushwa au risasi zinalia, anaruhusiwa kusogea hadi penye usalama: kituo cha polisi, kituo cha afya, parokia, nyumba ya kapita wa kijiji. Tofauti ya mtu huyo na aliyekimbia ni kwamba yeye anafika, anajitaja, anaeleza ajali iko wapi na majeruhi ni wangapi, na anaomba watu wapelekwe. Aliyejificha kwa ndugu hakumwambia mtu yeyote.

Wengi wanaokimbia hawajui hata wanachokikimbia. Kwa kanuni ya adhabu ya Congo, kuua bila kukusudia, kwa uzembe au kutokuwa mwangalifu, adhabu yake ya kifungo ni kuanzia miezi 3 hadi miaka 2. Si jambo dogo, lakini si kifo wala si kifungo cha maisha. Kinachomwongezea dereva mzigo ni kukimbia kwenyewe: hakimu anayemwona mtu aliyemwacha majeruhi barabarani haoni tena ajali, anaona moyo.

Sasa tufike pale penyewe, kwenye kona, gari likiwa limelala. Kazi ya kwanza ni kuzuia ajali ya pili. Mteremko wa Mushaki haumpi dereva anayekuja nyuma muda wa kuona na kusimama. Injini izimwe, ufunguo utolewe, gari lililosimama kwenye mteremko lizuiwe kwa kabari au mawe kwenye magurudumu, upande wa chini, kwa kuwa Fuso iliyoonekana kutulia inaweza kuanza kuteleza watu wakiwa chini yake. Matawi ya miti yawekwe barabarani pande zote mbili, mbali vya kutosha ili gari linaloshuka lipate nafasi. Kila dereva wa Afrika Mashariki anaijua ishara hiyo kuliko ile pembetatu nyekundu inayouzwa dukani. Bora zaidi, vijana wawili watumwe, mmoja juu na mmoja chini ya kona, wapunge nguo. Na baada ya kazi kwisha, matawi na mawe yaondolewe. Nimepita mara nyingi kwenye mawe yaliyoachwa katikati ya njia, lori lenyewe likiwa limeshaondoka, na mwendesha pikipiki wa usiku hayaoni.

Kisha majeruhi. Anayepiga kelele ana pumzi. Mtazame kwanza aliyenyamaza. Kama hapumui vizuri, safisha kinywa chake na ufungue njia ya hewa. Kama amezimia lakini anapumua, mlaze ubavu asije akasongwa na damu au matapishi. Damu inayotoka kwa nguvu inazuiwa kwa kukandamizwa: chukua kikwembe safi, kikunje, kiweke juu ya jeraha, ulalie kwa uzito wa mikono yako yote, usiinue kila dakika kutazama. Kitu kilichochoma mwilini, iwe chuma au mti, kisichomolewe; kifungwe kisitikisike. Asipewe maji ya kunywa wala chakula, hata akiomba kwa huruma, maana huenda akahitaji kupasuliwa. Aliyevaa kofia ya pikipiki asivuliwe ikiwa anapumua vizuri.

Kosa linalolemaza watu wengi katika milima hii ni upendo wenyewe. Fuso ikipinduka, waliokaa juu ya magunia hurushwa mbali na kuangukia mgongo au shingo. Wanakuja watu wanne wenye nia njema, mmoja anashika mikono, wengine miguu, wanamnyanyua akiwa amepinda katikati, wanamtupa kwenye kiti cha pikipiki baina ya motari na ndugu yake. Mtu ambaye angetembea tena baada ya miezi michache anapooza palepale. Kama hakuna moto wala maporomoko yanayotisha, aachwe alipo mpaka apatikane ubao, mlango au kipoyi. Nasema kipoyi kwa makusudi. Wazee wetu walikuwa na machela hiyo ya miti inayobebwa mabegani, na mpaka leo ndiyo inayowatoa wajawazito kwenye vijiji visivyo na barabara. Kwa mtu aliyevunjika mgongo, kipoyi kinachokwenda taratibu kinashinda pikipiki inayokwenda mbio. Kichwa, shingo na kiuno viende pamoja, watu wote wakimgeuza kwa neno moja, na mmoja asiachie kichwa mpaka mwisho.

Msaada wa hospitali upo, ingawa ni wa mbali. Hospitali kuu ya Masisi imepata mkono wa Madaktari Wasio na Mipaka tangu mwaka 2007. Huko Mweso pia madaktari hao wamefanya kazi. Hospitali ya Kirotshe iko kwenye njia ya ziwani. Na Goma kuna HEAL Africa pamoja na hospitali ya CBCA Ndosho, ambako wapasuaji wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa wamekuwa wakitibu majeruhi tangu mwaka 2012. Lakini baina ya kona ya ajali na kitanda hicho kuna saa kadhaa za matope. Ndiyo maana dereva aliyebaki ana thamani. Yeye anajua ni watu wangapi walikuwa juu ya mzigo. Bila yeye, mtoto aliyerushwa bondeni na kufunikwa na magunia hatafutwi, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba alikuwepo.

Na yeye ndiye anayejua gari limebeba nini. Hapa hatuna budi kuikumbuka Sange. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, katika mji huo mdogo wa bonde la Ruzizi, Kivu Kusini, lori la mafuta lilipinduka. Watu walikuja na bidoni, ndoo na sufuria kuchota petroli iliyokuwa ikitiririka. Wengine walikuwa karibu na hapo wakitazama Kombe la Dunia. Moto ukawaka. Walikufa zaidi ya watu 230, wakiwamo watoto na wanawake wengi, wakazikwa kwa pamoja. Kenya ilikuwa imeshaliona hilo Sachangwan tarehe 31 Januari 2009, ambako walikufa zaidi ya 100. Tanzania ikaliona Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, nako zaidi ya 100. Mara tatu, kwenye barabara za watu wanaosema lugha moja, kwa sababu ileile.

Petroli haihitaji moto mkubwa. Mvuke wake hutambaa chini kama maji, hujaa kwenye mifereji na mabonde, na cheche ya betri, ya sigara au ya pikipiki inayowashwa inatosha. Dereva wa lori la mafuta akianguka, kama anaweza kusimama, hana kazi nyingine kubwa kuliko kupiga kelele: azime kila kitu, awasukume watu wapande juu upande unakotoka upepo, awatume wenye sauti wasimamishe magari na pikipiki mbali, amtafute kapita au padri au mchungaji asaidie kuwazuia watu. Maskini aliyeona lita 20 za bure hawezi kulaumiwa kirahisi, hajui. Anayejua ni mmoja, na kama mmoja huyo ameshapotelea shambani, nani atawaambia?

Narudi kwa wananchi, kwa sababu nusu ya jambo hili iko mikononi mwetu sisi tunaofika kwanza. Dereva anakimbia kwa kuwa tunampiga, nasi tunampiga tukidhani atakimbia. Kila aliyechomewa gari anawafundisha madereva mia moja wasisimame tena. Hasira ya mwenye mtoto aliyegongwa naielewa, wala siwezi kumhubiria mama huyo subira akiwa amemshika mwanawe. Ninaowasema ni sisi wengine, vijana tunaokusanyika tusiomjua hata marehemu, tunaookota jiwe kwanza na kuuliza baadaye. Kumpiga dereva hakumrudishi mtu, na mara nyingi kunamwondolea majeruhi gari pekee lililokuwa likiweza kumfikisha hospitali. Vilevile mzigo uliomwagika una mwenyewe, na simu iliyodondoka mfukoni mwa aliyezimia ndiyo itakayotumika kuwaita ndugu zake. Picha za gari na alama za matairi zina faida kabla ya gari kusogezwa. Picha za maiti hazimsaidii yeyote, na kuna mtu atamtambua baba yake kwenye simu kabla hajaambiwa.

Ajali ikishatulia, yanakuja mazungumzo. Kwetu mambo mengi humalizwa na wazee, kwa baraza: dereva na ukoo wake wanafika msibani, wanatoa mbuzi, pengine ng'ombe, jeneza, makuta ya matanga. Sitaki desturi hiyo ife. Imezuia visasi vingi baina ya koo, tena katika nchi ambayo ugomvi wa watu wawili unaweza kugeuka ugomvi wa makabila. Lakini ina udhaifu ambao umewaumiza wanyonge. Mtu aliyevunjika nyonga anakubali dola 50 barabarani kwa sababu bado hasikii maumivu, anatia kidole kwenye karatasi, na baada ya wiki mbili hawezi kusimama. Mapatano yasifanywe kabla daktari hajampima majeruhi. Yaandikwe, yataje jina la mwenye gari pia, yashuhudiwe na kapita au chifu, na kila upande ubaki na nakala yake.

Namtaja mwenye gari kwa sababu sheria inamtaja. Kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia ya Congo, kilichotoka tangu mwaka 1888, kinasema katika kifungu cha 258 kwamba aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima aifidie. Na katika kifungu cha 260 kinamfanya mwajiri awajibike kwa hasara iliyoletwa na mfanyakazi wake akiwa kazini. Dereva asikubali kubebeshwa deni lote peke yake. Bima nayo ni ya lazima kwa kila gari tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973. Kwa miaka mingi iliuzwa na SONAS peke yake, mpaka sheria ya mwaka 2015 ilipofungua soko kwa makampuni mengine. Wamotari wengi hawana bima kabisa, na wenye Fuso wengine hununua karatasi ya kuonyesha kwenye kizuizi tu. Hata aliye na bima halali hupoteza haki yake kwa kutokuwa na ripoti ya ajali, ile ambayo polisi na makarani wote huiita PV. Pale ambapo hakuna polisi wa kuiandika, majina ya mashahidi, namba za magari, saa, mahali na picha vikusanywe siku ileile na kuwekwa sahihi mbele ya kiongozi aliyepo.

Neno moja kuhusu kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Dereva aliyepata ajali akipewa chupa atulize moyo, akatae. Hofu haitulizwi nayo, na polisi atakayefika baada ya saa moja atanusa pombe bila kujua ilinywewa lini.

Na baada ya wiki, baada ya mwezi, dereva huyu anaishi vipi? Hatulizungumzi hili. Yuko anayerudi kwenye usukani siku ya pili kwa sababu patroni amesema gari halilali, naye akifika kona ileile mikono inakufa ganzi. Yuko asiyelala, anayesikia sauti ya kugonga kila anapofumba macho. Wake zao wanajua. Makanisa na misikiti yetu inawaombea waliokufa, na inafanya vyema. Imwite pia aliyekuwa ameshika usukani, imsikilize, imsindikize kwenda kwa wafiwa ikiwa wafiwa wanakubali. Madereva waliosimama, wakakaa na majeruhi mpaka mwisho, wana jibu la kuipa familia inapouliza marehemu alisema nini. Aliyekimbia hana.

Kwa hiyo nawaomba wenye magari ya njia ya Sake, Rubaya na Kibabi wawaambie madereva wao leo, kabla ya safari ijayo, kwamba simu ya kwanza iende kwa msaada, na kwamba hakuna atakayefukuzwa kazi kwa kubaki na majeruhi. Kila Fuso ibebe kabari mbili, kamba, tochi na vitambaa safi. Bei yake haifiki ile ya gunia moja la maharagwe. Na viongozi wa wamotari pamoja na machifu wa Masisi na Walikale watangaze sokoni na vijiweni, kwa sauti zao wenyewe, kwamba dereva aliyesimama na kusaidia haguswi na mtu. Wakilitangaza na kulisimamia, madereva watasimama.